Mnara wa Pharos: Mawe Yaliyoanguka, Neno Lililosalia

Makala haya yananuia kueleza historia ya mnara wa taa wa Alexandria nchini Misri, na namna jina lake lilivyodumu kuliko mawe yake.

Mji wa Alexandria uliasisiwa na Alexander Mkuu mwaka wa 331 K.K. Pwani yake ilikuwa tambarare, yenye miamba iliyofichika majini, na nahodha hakuwa na kilima cha kumwelekeza bandarini. Kwa sababu hiyo, Ptolemy wa Kwanza alianzisha ujenzi wa mnara katika kisiwa cha Pharos, nao ukakamilika katika enzi ya mwanawe, yapata mwaka wa 280 K.K. Sehemu ya chini ilikuwa ya mraba, ya kati ya pembe nane na ya juu ya mviringo. Kimo chake kinakadiriwa kuwa zaidi ya mita 100. Usiku moto uliwashwa kileleni. Aidha, tuta refu liliunganisha kisiwa na bara, hivyo mji ukapata bandari mbili.

Mnara huo ulisimama kwa zaidi ya karne kumi na tano, hadi matetemeko ya ardhi, hasa lile la mwaka wa 1303, yalipouharibu. Ibn Battuta, msafiri yule yule aliyezuru Mombasa na Kilwa mwaka wa 1331, aliukuta mnamo 1349 ukiwa gofu lisiloingilika. Mwaka wa 1477 Sultani Qaitbay alianza kujenga ngome mahali pale pale.

Hata hivyo, jina halikuanguka. Kisiwa kiliupa mnara jina, na mnara ukazipa lugha nyingine neno: Wafaransa husema phare, Wahispania na Waitaliano faro. Waarabu nao waliuita manara, yaani mahali pa nuru. Neno hilo la Kiarabu ndilo asili ya mnara katika Kiswahili, likaingia ngeli ya U-I na kupata wingi wake, minara. Leo twataja mnara wa msikiti au wa simu bila kukumbuka moto wowote, ilhali mnara na nuru yana mzizi mmoja. Kwa kuwa tumesahau, imetubidi kusema "mnara wa taa", tukiongezea mwanga neno lililokuwa nao tayari.

Kwa hivyo, mwanafunzi wa Kiswahili asitosheke kujua ngeli ya neno. Aulize pia lilikotoka, kwani historia ambayo mawe hayawezi tena kuisimulia huenda imo kinywani mwake.