Kabla ya Kununua Nyumba, Kagua Nyufa

Huko Kwihara, nje kidogo ya mji wa Tabora, kuna tembe alimokaa David Livingstone mwaka 1872. Nyumba za udongo kando ya njia za misafara ziliwapumzisha wapagazi. Ziliwahifadhi pia papasi, kupe wanaojificha katika nyufa za sakafu na kuta na kuuma usiku. Mwaka 1905 Robert Koch aliwapata katika vituo vya misafara, wakiwa na vijidudu vya homa ya papasi.

Anayenunua nyumba ya udongo na aikague kabla ya kulipa. Kukaa tupu hakuisafishi, kwani papasi huweza kuishi miaka kadhaa bila kula. Sakafu ya saruji na kuta zilizopigwa lipu huwanyima maficho. Kitanda nacho kiinuliwe, kisiguse ukuta.

Homa hii hupoa, kisha hurudi baada ya siku chache, na mara nyingi hudhaniwa kuwa malaria. Kwa mjamzito yaweza kuharibu mimba. Hivyo mgonjwa aeleze nyumba anamolala, na mhudumu aagize damu ichunguzwe kwa hadubini. Ikitambuliwa mapema, hutibika kwa viuavijasumu.