Kwa Nini Chombo Kizuri Hukwama Kabla ya Kufika: Mashua na Meli za Njia ya Tabora

Mtahiniwa, maswali yanayoanza na "Eleza kwa nini" ndiyo yanayotenganisha jibu la alama nyingi na jibu la alama chache. Mwanafunzi anaulizwa kwa nini mradi fulani ulishindikana, naye anaandika "ukosefu wa fedha", "miundombinu mibovu", "hali ya hewa", kisha anakimbilia swali linalofuata. Hoja hizo unaweza kuzibandika kwenye mradi wowote duniani, kwa hiyo hazielezi mradi wowote. Hapa tutatumia mfano wa nyumbani: vyombo vya majini vilivyopangwa kusafirishwa kwa vipande kutoka pwani hadi kwenye maziwa ya bara.

Desemba 1856 Richard Burton na John Speke walikuja Zanzibar wakiwa na mashua ya chuma iliyoitwa Louisa. Ilitengenezwa kwa vipande, ili ibebwe na watu na kuungwa tena ziwani. Kama chombo, haikuwa na kasoro kubwa. Mwanzoni mwa mwaka 1857 waliitumia katika safari ya majaribio kando ya pwani. Lakini safari ya bara ilipoanza mwezi Juni, Louisa iliachwa nyuma. Burton na Speke walipita Tabora (Burton aliiandika Kazeh) mwezi Novemba, wakafika Ziwa Tanganyika Februari 1858, na chombo chao kilikuwa bado pwani.

Kwa nini? Anza na hesabu. Mzigo wa kawaida wa mpagazi mmoja ulikuwa kama frasila mbili, yaani takribani kilo 30, na mzigo huo aliubeba kichwani au begani kwa miezi kadhaa. Mzigo mzito zaidi ulifungwa kwenye mti ukabebwa na watu wawili, mmoja mbele na mwingine nyuma. Watu wanne kubeba kitu kimoja kwa kutembea sambamba ilikuwa shida, kwa sababu njia yenyewe ilikuwa kijia cha kupita mtu mmoja mmoja kati ya miiba na majani marefu. Kwa hiyo kipande cha chuma kinachoonekana kidogo ghalani kinaweza kuwa hakibebeki kabisa porini.

Ongeza suala la watu. Wapagazi hodari wa njia hii walikuwa Wanyamwezi, na usiwaandike kana kwamba walikuwa wanyama wa mizigo, kama vitabu vingine vya zamani vinavyofanya. Walifanya kazi kwa malipo, wengi wao walikuwa na biashara zao wenyewe, na walirudi kwao kulima mvua zilipokaribia. Aliyefika pwani wakati usiofaa hakupata watu wa kutosha. Ndivyo ilivyowapata Burton na Speke: wapagazi walikuwa wachache, wakaongeza punda, na bado mizigo ilizidi. Kilichopaswa kuachwa ni kile kilichohitaji watu wengi kwa kitu kimoja, nacho kilikuwa mashua.

Sasa tazama matokeo, maana hapa ndipo wengi hupoteza alama. Huko Ujiji wageni hao walilazimika kutafuta chombo cha kukodi. Speke alivuka ziwa kwenda kuomba jahazi la mfanyabiashara mmoja Mwarabu, akarudi mikono mitupu. Mwishoni walikodi mitumbwi hadi Uvira, lakini mwenye mitumbwi na wapiga makasia wake walikataa kuendelea mbele. Wenyeji waliwaambia kwamba mto Ruzizi unaingia ziwani, ila hawakuuona kwa macho yao. Ubishi kuhusu chanzo cha Nile ukaendelea, na mdomo wa Ruzizi ukaja kukaguliwa na Livingstone na Stanley mwishoni mwa mwaka 1871. Hiyo ni miaka 13 baadaye!

Stanley alikutana na tatizo hilohilo mwaka 1874. Mashua yake, Lady Alice, ilitengenezwa Uingereza kwa vipande. Ilipofika Zanzibar akagundua kwamba kila kipande kilikuwa na uzito wa zaidi ya kilo 120. Hakuiacha. Alimtafuta fundi wa meli akavigawanya vipande vile upya, kabla msafara haujaondoka Bagamoyo mwezi Novemba. Mwaka 1875 mashua hiyo ilizunguka Ziwa Viktoria, na mwaka 1876 ikazunguka Tanganyika. Tofauti yake na Louisa haikuwa ubora wa chuma. Mmoja alibadilisha chombo kilingane na njia. Mwingine alibaki na chombo ambacho njia haikukikubali.

Kundi la tatu lilibadilisha njia yenyewe. Meli ya Wajerumani Graf von Götzen iliundwa Papenburg mwaka 1913, ikafunguliwa na kupakiwa katika masanduku yapatayo 5,000. Reli ya Kati ilikuwa imefika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, kwa hiyo masanduku yalipanda treni. Mafundi watatu wa kiwanda kilichoiunda walisafiri nayo ili kuiunga tena, na meli ikaingia majini Februari 1915. Leo tunaiita MV Liemba.

Ukitaka kulinganisha na mambo ya sasa, tazama wapenzi wa kompyuta za zamani huko Ulaya na Marekani. (Kwetu mashine hizo hazikuenea, mwaka 1974 serikali ilizuia uingizaji wa kompyuta nchini.) Mtu hubuni saketi mpya ya kompyuta ya miaka ya 1980 kwa mapenzi yake, baada ya saa za kazi. Sampuli ya kwanza mezani kwake inawaka vizuri, anapiga picha, watu wanashangilia. Kisha miaka inapita. Chipu aliyoitegemea haitengenezwi tena, kalibu ya kasha la plastiki ni ghali kuliko saketi yenyewe, na kupima vifaa mia si sawa na kupima kimoja. Hata fedha zikipatikana, huenda zisitoshe kuokoa kitu. Mwaka 2016 kampuni moja ya Uingereza ilichangisha zaidi ya pauni 500,000 ili itengeneze kifaa cha michezo cha mkononi kilichoitwa Vega+, kwa kufuata kompyuta ya ZX Spectrum ya mwaka 1982. Vilivyowafikia wanunuzi ni vichache, navyo vilichelewa hadi 2018. Mwaka uliofuata kampuni ikafilisiwa. Ukiandika "ukosefu wa fedha" hapo, umekosea.

Linganisha majibu haya mawili kuhusu Louisa.

La kwanza: "Mashua haikufika kwa sababu ya usafiri duni."

La pili: "Mashua haikufika kwa sababu vipande vyake vilihitaji wapagazi wengi wakati wapagazi walikuwa wachache, hivyo wasafiri walitegemea mitumbwi ya kukodi, na wenye mitumbwi walipogoma, uchunguzi wa Ruzizi ukasimama."

Jibu la pili lina sentensi moja tu, lakini kila sehemu yake inazaa inayofuata.

Swali la kujipima: Reli ya Kati ilipofika Kigoma, ni kikwazo kipi kilichoikwamisha Louisa kiliondoka, na ni kipi kilichowalazimu Wajerumani kuwasafirisha mafundi pamoja na masanduku? Jibu kwa aya mbili.