Kisichoonekana si lazima kiwe Mungu

Leo tutazame galaksi ya Andromeda, iliyo umbali wa miaka ya nuru takriban milioni 2.5. Mwaka 1970 wanaastronomia wa Marekani, Vera Rubin na Kent Ford, walichapisha vipimo vya mwendo wake. Ungetazamia pembezoni kuzunguke polepole kuliko ndani, kama sayari zilizo mbali na Jua. Sivyo ilivyo. Huko nje mwendo haupungui, na vipimo vya baadaye vya galaksi nyingine nyingi vikasema vilevile. Kwa uzito wa vile tunavyoviona tu, zingekwisha kutawanyika.

Wataalamu wengi wanakubali kwamba galaksi imezama ndani ya wingu kubwa la maada ya giza. Jina hilo halifai sana, maana kitu chenyewe si cheusi: mwanga hukipenya kama vile hakipo. Ulimwenguni kinaizidi maada ya kawaida kama mara 5.

Nionavyo mimi, utamu uko katika uhusiano wa hivyo viwili, unaojulikana kwa uvutano tu. Gesi ya kawaida hung'aa, na kwa kung'aa hupoteza joto, ikazama katikati na kuzaa nyota. Maada ya giza haing'ai, basi haipoi. Hubaki imetanda, ikishikilia. Lakini kidogo nacho hutikisa kikubwa. Nyota zinapolipuka na kurusha gesi nje, inadhaniwa kwamba katika galaksi ndogo hata maada ya giza hulegea kutoka kitovuni.

Wapo wahubiri watakaoshangilia: "Mnaona? Ndiye Mungu huyo!" Wewe mzazi mwenye kijana anayesoma fizikia, nakusihi, usimwambie hivyo. Maada ya giza ni kiumbe, sawa na mchanga. Siku maabara ikiinasa chembe yake, imani ya mwanao itaanguka pamoja na hoja yako. Mtakatifu Tomaso wa Akwino alikwisha kuonya kwamba hoja dhaifu za kutetea imani huwapa wasioamini sababu ya kutucheka.

Rubin, Myahudi, alikuwa mjumbe wa Akademia ya Kipapa ya Sayansi, Kanisa halikumwogopa. Kijana akikuuliza kitu hicho kimeundwa na nini, mjibu kwamba hadi leo hakuna anayejua. Rubin mwenyewe alifariki Siku ya Noeli mwaka 2016, bila kujua.