Nani Humfunza Msimamizi wa Wanafunzi wa Fiziotherapia?

Mgonjwa aliyepooza akiinuliwa kwa kuvutwa mkono, bega lake huweza kuteguka. Kwa sababu hiyo, mwanafunzi wa fiziotherapia, kama wale wa KCMC mjini Moshi, hujifunza wodini chini ya msimamizi wa mafunzo kwa vitendo.

Hata hivyo, umahiri wa kutibu si umahiri wa kufundisha. Msimamizi naye huhitaji mkufunzi wa kumwelekeza jinsi ya kuonesha, kusahihisha bila kufedhehesha, na kupima kwa haki. Mkufunzi huyo sharti kwanza awe ametibu wagonjwa na kusimamia wanafunzi.

Mwananchi, unayo haki ya kuuliza anayekuhudumia ni nani, na kukubali au kukataa kuhudumiwa na mwanafunzi.