Mutu wa mchezo: deni kwanza, panga nyuma

Mu 1982, ndani ya ngome ya Peckforton, kule Uingereza, kulianza mchezo Treasure Trap: watu wazima wanavaa nguo za hadithi, wanapigana na mapanga ya mpira laini. Sawa vile kikundi cha Mufwankolo hapa Lubumbashi, hakuna maandishi; kila mutu anajua tu yeye ni nani.

Wengi wanachagua nguvu. Miye ninaanza na deni. Mutu wangu ni mmoja wa wale wafupi wa hadithi wanaochimba mulima. Yaya yake aliangukiwa na majiwe. Aliapa hatashuka tena mpaka wasimamishe miti ya kuzuia. Lakini watoto wako na njaa, na mukubwa wake anajua. Njo pale anaingia mu mchezo. Ndevu nitatafuta kisha.