Bei ya Picha Isifichwe

Kabla jina lake halijawa jina la mtindo mzima wa uchoraji, Edward Saidi Tingatinga alikuwa kibarua. Alizaliwa wilaya ya Tunduru mwaka 1932, na katika miaka ya 1950 alikwenda Tanga, kama vijana wengi wa kusini, kutafuta kazi kwenye mashamba ya mkonge. Baadaye alihamia Dar es Salaam, akafanya kazi za nyumbani, na mwaka 1968 akaanza kuchora kwa rangi ya kung'aa, ile inayopakwa baiskeli, juu ya vipande vya silingi bodi. Picha zake ziliuzwa jirani na Morogoro Stores, Oysterbay, mahali walipopita wageni wenye fedha. Mwaka 1972 aliuawa kwa risasi za polisi waliomdhania mhalifu. Alichora kwa miaka minne hivi tu. Leo picha yenye saini yake ya kweli hushindaniwa na wakusanyaji, na wapo walioghushi saini hiyo, huku picha inayofanana nayo kabisa kwa macho ikiuzwa kibandani kwa bei ya zawadi ya msafiri. Rangi ni ileile na ubao ni uleule. Kinachozitenganisha ni yale ambayo mnunuzi anaweza kuyajua na kuyathibitisha: nani kachora, lini, imepita mikononi mwa nani, na za namna hiyo ziko ngapi. Ndiyo maana nashikilia kwamba bei ya picha, pamoja na kuwa fedha, ni habari inayomfikia mnunuzi. Na mchoraji anayeificha bei yake, au anayeibadilisha kwa kumtazama mteja usoni, anajinyima tangazo lililo bora kuliko yote aliyo nayo.

Tanga ina historia inayoweza kutufundisha jambo hili. Mkonge ulioletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893 na kupandwa Kikogwe, karibu na Pangani, ulikuja kuifanya Tanganyika mzalishaji mkuu duniani. Mwaka 1964 mavuno yalifika takriban tani 230,000. Mnunuzi wa Ulaya hakuwa na haja ya kuliona shamba. Alinunua kitu kilicho mbali naye kwa sababu robota lilikuja na alama ya shamba na daraja la nyuzi, na kila daraja lilikuwa na bei inayojulikana sokoni. Kisha zikaja kamba za nailoni, bei ikaporomoka, kwa kuwa aliyetaka kamba alikuwa amepata kamba nyingine. Mambo yote mawili yanamhusu mchoraji. Alama na bei ya wazi humpa mtu wa mbali ujasiri wa kununua. Na kitu chenye mbadala wa karibu hakiwezi kulinda bei yake. Picha isiyo na jina, mwaka wala bei inayoeleweka hupata hasara ya kila upande, kwa sababu haina hata maelezo ya robota la mkonge, na mbadala wake uko kibanda cha pili.

Bei ya wazi lazima iwe na msingi, na msingi ni hesabu. Silingi bodi moja ya futi nne kwa nane hutoa vipande vinane vya futi mbili kwa mbili, yaani takriban sentimita 60 kwa 60, kipimo ambacho wachoraji wa Tingatinga wamekizoea tangu mwanzo. Tuchukue mfano wa tarakimu, kila mmoja ataweka zake. Kipande cha ubao shilingi 5,000, rangi 12,000, fremu 20,000, na sehemu ya kodi ya chumba, umeme, bando na nauli 13,000, jumla 50,000. Siku tatu za kazi kwa 30,000 kwa siku ni 90,000. Tumefika 140,000, na hapo wengi huishia, wakisahau kwamba si kila picha inanunuliwa, na kwamba ile inayonunuliwa ndiyo inayolipia ile inayokaa ukutani mwaka mzima. Ongeza robo kwa ajili hiyo, unapata 175,000. Hiyo ndiyo sakafu: fedha ambayo lazima imfikie mchoraji mkononi. Lakini hoteli au duka la sanaa likiuza kwa niaba yake, likabaki na asilimia 40, bei ya ukutani haina budi kuwa kama 300,000 ili yeye apate 180,000. Asiyefanya hesabu hii mapema hulaumu kamisheni, wakati kosa liko kwenye bei aliyoanza nayo.

Sasa picha nyingine zipangwe vipi? Njia iliyo rahisi kueleza ni kupima ukubwa, lakini kuna namna mbili za kupima na matokeo yake hayalingani. Ukitoza kwa eneo, picha ya 120 kwa 120, iliyo mara nne ya ile ya 60 kwa 60, itakuwa 1,200,000, na ile ya 30 kwa 30 itashuka hadi 75,000, fedha ambayo ukitoa kamisheni haifiki hata gharama ya vifaa na siku mbili za kazi. Ukijumlisha urefu na upana, mambo yanatulia: 60 na 60 ni 120, na 300,000 ukigawa kwa 120 ni shilingi 2,500 kwa kila sentimita. Kubwa inakuwa 600,000 na ndogo 150,000. Napendelea njia hii kwa mchoraji ambaye jina lake bado linakua, kwa sababu inaiweka picha kubwa mahali ambapo mnunuzi anaweza kufika, na haiifanyi ndogo kuwa ya kugawa bure. Ina upungufu wake, nao usifichwe. Vifaa vya picha kubwa huongezeka haraka kuliko bei hiyo, kwa hiyo kwa tarakimu zetu ikimchukua mchoraji zaidi ya siku tano, 600,000 inampunja. Kipimo kinatoa bei ya kuanzia. Hesabu ya gharama ndiyo inayoithibitisha au kuikataa.

Bei hiyo ikishapatikana, iwe moja. Iwe ileile hotelini Raskazone, Tanga, ileile nyumbani kwa mchoraji, ileile kwenye simu. Mgeni aliyeiona picha kwa 300,000 ukutani, akaelekezwa kwa mchoraji na kuuziwa kwa 180,000, amejifunza mambo mawili: kwamba hoteli ilitaka kumwibia, na kwamba bei ya mchoraji huyu haina maana. Mwenye hoteli naye akigundua, na atagundua, atazishusha picha zote. Mtu atauliza, kwa nini anayenunua nyumbani alipe kamisheni ya mtu ambaye hakuhusika? Kwa sababu kazi ile imefanyika vilevile. Kumpokea mgeni, kumwonyesha picha kumi, kumsubiri aamue, kufunga na kupeleka mzigo hadi stendi ya mabasi, yote hayo ni kazi ya muuzaji, na mchoraji akiifanya mwenyewe anastahili ujira wake. Hizo 120,000 ndizo zitakazolipia maonyesho yanayofuata.

Pingamizi linalotajwa sana ni kwamba pwani watu hupatana bei, na kukataa kupatana ni kiburi. Tulitazame kwa makini. Kwenye mnada wa samaki pale Deep Sea, Tanga, kila mtu anamwona samaki, anajua jana alienda kwa kiasi gani, na anamsikia mwenzake akipanda dau. Kupatana pale kuna haki kwa sababu habari iko kwa wote. Lakini fundi cherehani wa Ngamiani ana bei ya gauni inayofahamika mtaani, na hakuna anayemwita mwenye kiburi. Mnunuzi wa picha yuko katika hali mbaya kuliko wote: hajui vifaa, hajui siku, hajui jana iliuzwa ngapi. Kwake kupatana kunakuwa mtihani wa kupima ujinga wake, na akitoka na picha hatoki na uhakika. Siku ya pili atakapokutana na mgeni mwenzake ufukweni Ushongo aliyelipa nusu, furaha yote itaisha, na watu wenye uchungu hawamtangazi mchoraji. Ukarimu wa pwani una njia nyingine nyingi. Mteja anaweza kulipa kwa awamu, kuletewa picha bila nauli, kuchaguliwa fremu nzuri, au kupewa kadi ndogo iliyochorwa kwa mkono. Kinachopatanwa ni huduma. Tarakimu inabaki palepale.

Hapa pana swali la haki ambalo silichukulii kirahisi. Bei moja kwa wote maana yake ni bei ambayo mwalimu wa shule ya msingi hawezi kuilipa, na Tanga haina watalii wa kutosha kumfanya mchoraji amsahau mwalimu huyo. Bei mbili, ya wageni na ya wenyeji, inaonekana kama jibu la huruma, lakini inawafundisha wenyeji kwamba picha ni kitu cha wengine wanachopewa wao kwa fadhila. Afadhali kuwe na kazi za aina mbalimbali: picha ndogo za sentimita 20, na nakala zilizochapwa kwa idadi maalumu, zikawekewa namba na saini. Mwalimu anunue kilicho chake kwa bei yake halali.

Kuhusu kutangaza, tabia moja ingeachwa leo: kuweka picha mtandaoni na kuandika chini yake kwamba bei ni inbox. Mwenye haya hataandika. Mwenye fedha nyingi hana muda wa kuandika. Wanaobaki ni wale waliozoea kupunguziwa. Picha ipigwe mchana kivulini, imenyooka, na chini yake yaandikwe jina la kazi, mwaka, vifaa, vipimo na bei. Ikinunuliwa isifutwe, iandikwe kwamba imeuzwa, maana orodha ya zilizouzwa ndiyo inayomshawishi mnunuzi mgeni. Nyuma ya ubao yawekwe maelezo hayohayo kwa mkono wa mchoraji, na daftari lake lionyeshe kila picha ilikokwenda. Mahali pa kuonyesha si pengi lakini papo. Makumbusho ya Urithi Tanga yako katika boma la zamani la Wajerumani, Bagamoyo ina chuo cha sanaa cha TaSUBa, na bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, linaloishia Chongoleani, limeleta Tanga ofisi na nyumba za wageni zenye kuta tupu. Mwenye ofisi akiomba ankara, mwenye orodha ya bei anaandika siku hiyohiyo.

Wapo watakaosema kwamba ukitangaza bei, mwenzako atachora hiyohiyo na kushuka. Ni kweli, atachora. Mtindo wa Tingatinga umeenea namna hiyo, kutoka kwa mwalimu hadi wanafunzi na ndugu, hadi wachoraji wakaunda chama chao cha ushirika mwaka 1990, na hadi mwaka 2010 kipindi cha katuni cha Tinga Tinga Tales, kilichotengenezwa Nairobi, kikaonyeshwa na BBC. Mtindo ni wa wote na uendelee kuwa wa wote. Lakini Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inailinda picha yenyewe, maisha ya mchoraji na miaka 50 baada yake, na anayenunua ubao hanunui ruhusa ya kuichapa kwenye fulana au kalenda. Ruhusa hiyo ina bei yake, iandikwe kando. Zaidi ya sheria, mwenzako anaweza kukushinda kwa bei pale tu ambapo mnunuzi hawezi kuwatofautisha. Msanii George Lilanga, aliyefanya kazi Nyumba ya Sanaa, Dar es Salaam, aliishi katika soko hilohilo lenye kuigana, na mashetani aliowachora walitambulika hata bila saini, wakaingia katika mkusanyiko wa mkusanyaji wa sanaa Jean Pigozzi.

Pingamizi zito kuliko yote ni njaa. Ada ya mtoto haingoji, mwenye nyumba hangoji, na mteja ameshika 100,000 mkononi kwa picha ya 300,000. Simlaumu anayeipokea. Naona tu kwamba shida hiyo ina njia ya kuikabili kabla haijafika: kuwa na kazi ndogo tayari, na kuendelea na kazi ya kuandika mabango ya maduka, ambayo haina uhusiano wowote na bei ya picha. Mwenye 100,000 auziwe picha ya sentimita 20 kwa 20, ambayo kwa kipimo chetu ni 100,000 kamili. Amepata picha, na mchoraji ameuza sentimita chache badala ya kushusha bei ya sentimita zote alizowahi kuuza. Kupandisha nako kuwe na utaratibu: picha zikiwa zinaondoka haraka kuliko anavyoweza kuchora, apandishe kwa kiasi kama asilimia 10, na awajulishe wanunuzi wa zamani mwezi mmoja kabla. Wengine watakuja kununua kwa bei ya sasa, na wote watajua kwamba picha iliyo ukutani kwao imepanda.