Upote na Mshale: Jinsi Unene wa Upote Ubadilishavyo Mwendo wa Mshale

Maneno ya upigaji wa uta katika lugha yetu si machache. Uta, au upinde, ni ule mti uliopindwa; upote ni uzi uufungao huo mti ncha kwa ncha; wano ni mti wa mshale; chembe ni chuma chake cha mbele; podo ni ala ya kutilia mishale. Lakini wanafunzi wetu wengi waujua upinde wa mvua na mshale wa saa, na wakiulizwa habari za upote hunyamaza. Tumeona vema tulieleze neno hili, si kwa kutaja maana yake tu, bali kwa kuonyesha kazi ya kitu chenyewe. Maana neno lisilojulikana kazi yake halikai moyoni.

Watu wengi hudhani ya kuwa nguvu yote i katika uta, na ulengaji wote u katika jicho, na upote ni kamba tu, haidhuru ikiwa nene au nyembamba. Sivyo. Mtu aliyekwisha kuipatanisha mishale yake na uta wake, kisha akabadili upote, akatia mnene zaidi au mwembamba zaidi, ataona mishale ile ile ikienda kando, hali mkono wake ni ule ule na shabaha ni ile ile. Asipojua sababu, atalaumu uta usio na kosa, au ataharibu mishale mizuri kwa kuichonga upya.

Jambo hili lilijulikana zamani. Mwaka 1545 mwalimu mmoja wa Cambridge katika Uingereza, jina lake Roger Ascham, alitoa kitabu kiitwacho Toxophilus, chenye mazungumzo ya watu wawili juu ya upigaji wa uta. Katika kitabu hicho asema kwamba upote mnene ni salama zaidi kwa uta, na wafaa kwa kupiga shabaha ya karibu bila kukosea, ila hupunguza mwendo wa mshale. Na upote mwembamba huupeleka mshale mbali, lakini si wa kutumainiwa sana, kwani ukikatika waweza kuuvunja na uta pia. Basi zaidi ya miaka mia nne iliyopita walijua ya kuwa katika unene wa upote kuna biashara: upatapo hiki, wapoteza kile. Sisi tutajaribu kuonyesha sababu zake.

Kwanza, hatuna budi kufahamu jinsi mshale unavyotoka. Mshale haupiti katikati ya mti wa uta, bali hupita ubavuni mwake. Upote ukiachwa hurudi kuelekea katikati ya uta, na kwa hiyo nyuma ya mshale husukumwa katikati, hali mbele yake imeelekea kando kidogo. Kama wano lingekuwa gumu kama nondo ya chuma, mshale ungetupwa upande. Lakini wano hupindika, huuzunguka mti wa uta kama nyoka apitaye jiwe, kisha hujinyosha na kwenda sawasawa. Jambo hili haliwezi kuonekana kwa macho kwa sababu ya wepesi wake. Lakini katika miaka ya 1930 Clarence Hickman, mtaalamu wa fizikia wa Marekani, alilionyesha kwa picha za sinema zilizopigwa kwa kasi kubwa. Kwa hiyo kila uta wataka wano lenye ugumu wa kiasi chake. Likiwa gumu mno halipindiki vya kutosha. Likiwa legevu mno hupindika kupita kiasi.

Sasa unene wa upote waingia hapa. Upote nao una uzito, na uta hauna budi kuusukuma pamoja na mshale. Sehemu ya katikati yaenda mbio kama mshale, na sehemu zilizo karibu na ncha zaenda polepole. Kwa hiyo katika hesabu huchukuliwa ya kuwa theluthi moja ya uzito wa upote ni kama imefungwa juu ya mshale. Tuseme mshale una gramu 30. Upote wa gramu 6 huongeza gramu 2, jumla 32. Upote wa gramu 12 huongeza gramu 4, jumla 34. Uta una nguvu moja tu ya kugawa. Ukiukokotoa mwendo, tofauti haizidi asilimia 3 hivi. Msomaji aweza kusema, Hiyo ni kidogo. Ni kidogo kweli kwa umbali. Bali kwa mshale uliokuwa umepatana na uta barabara, yatosha kuuhamisha.

Maana upote mwembamba husukuma kwa ghafula zaidi, na wano hupindika zaidi, hata lile lililokuwa la kiasi likawa kama legevu. Upote mnene husukuma kwa upole, na wano lile lile likawa kama gumu. Kwa mtu ashikaye uta kwa mkono wa kushoto na kupitisha mshale upande wa kushoto wa mti, mshale ulio kama mgumu huelekea kushoto, na ulio kama legevu huelekea kulia. Kwa ashikaye uta kwa mkono wa kulia, mambo hugeuka. Basi mtu akitia upote mnene na kuona mishale yote yajikusanya kushoto mwa shabaha, asilaumu jicho lake upesi. Atazame upote kwanza.

Je, si afadhali kila mtu atie upote mwembamba kabisa? La. Nyuzi zikiwa chache, kila uzi huchukua mzigo mkubwa zaidi. Upote hunyumbuka, na sehemu ya nguvu ya uta hupotea katika kunyumbuka kule. Tena hukata vidole. Na hatari kubwa ni ile aliyoitaja Ascham: upote ukikatika wakati wa kuachwa, mikono ya uta haina cha kuizuia, hupiga mbele kwa nguvu yake yote, na mti waweza kupasuka karibu na uso wa mpigaji.

Jambo la pili ni pengo la mshale, yaani ule mkato wa nyuma ambamo upote huingia. Upote ukiwa mnene kuliko pengo, mshale hushikwa, hauachwi kwa wepesi, na mwendo wake huyumba. Tena pengo laweza kupasuka. Ukiwa mwembamba mno, mshale hucheza juu na chini, na wakati wa kuvuta waweza kuanguka, na mtu akauacha upote pasipo mshale, jambo liharibulo uta. Jaribio lake ni rahisi. Uning'inize mshale juu ya upote, chembe ikielekea chini: yapasa ukae wenyewe, lakini ukigonga upote kwa kidole, uanguke.

Pengo laweza hata kuwa shahidi wa upote uliokwisha kupotea. Mwaka ule ule wa 1545 meli ya vita ya Mfalme Henry VIII, iitwayo Mary Rose, ilizama karibu na Portsmouth. Ilipofukuliwa, na kiunzi chake kuinuliwa mwaka 1982, zilipatikana nyuta nzima zaidi ya 130 na mishale zaidi ya 3,500. Nguvu za nyuta hizo zimekadiriwa kuwa ratli 100 na zaidi sana. Pote zake hazikusalimika, kwa kuwa zilikuwa za nyuzi za mimea. Lakini mapengo ya mishale yapo, nayo ni membamba, kama milimita 3. Kwa hiyo twajua ya kuwa upote wa nyuta zile kali, mahali pa kuketi mshale, haukuweza kuzidi hapo. Mshale umetunza habari za upote kuliko upote wenyewe.

Mafundi waliona njia ya kutoka katika shida hii. Upote hauna lazima ya kuwa na unene mmoja kutoka ncha hata ncha. Huchagua nyuzi za kutosha kuuchukua uta kwa usalama, bila kuzidisha. Kisha katikati, mahali pa mshale na vidole, huzungushia uzi mwingine uliokazwa, mpaka unene upatane na pengo. Hivyo usalama hutafutwa kwa idadi ya nyuzi, na pengo hutimiziwa haja yake kwa uzi wa kuzungushia, na jambo moja haliharibu lingine.

Ikiwa baada ya hayo mshale bado waenda kando, ndipo wano litazamwe. Ulionekana kama mgumu hulegezwa kwa chembe nzito zaidi, au kwa kulipunguza wano unene kidogo. Ulionekana kama legevu hukazwa kwa chembe nyepesi, au kwa kulikata wano lifupike. Ila mtu abadili jambo moja tu kwa mara moja, na apige mishale kadhaa kabla ya kuamua. Abadilishaye mawili pamoja hatajua lipi lililomponya.

Kwetu Afrika ya Mashariki elimu hii haikukaa vitabuni. Wahadza wa Ziwa Eyasi, katika Tanzania, hutengeneza pote zao kwa mishipa ya wanyama, na mawano huyanyosha kwa moto na kwa meno, wakiyatazama kwa jicho moja tena na tena. Kwao mshale uendao kando si hasara ya mchezo, ni nyama iliyokimbia na watoto waliolala bila kitoweo.

Ascham alipokiandika kitabu chake aliomba radhi kwa kuandika Kiingereza, kwa maana wenye elimu wa siku zile walitarajiwa kuandika Kilatini. Akaona ni wajibu kuwaandikia wapigaji uta kwa lugha yao wenyewe. Walimu nasi twaweza kufanya vivyo hivyo. Somo la uzito, la nguvu na la mwendo laweza kufundishwa kwa uta wa mtoto na pote mbili, mmoja mnene na mmoja mwembamba, nje ya darasa, mbali na watu. Na wakati wa kufundisha, mwalimu aseme upote, wano na chembe, wala asiridhike na kusema kamba, kijiti na chuma.